Mnunuzi, Muuzaji na Motokaa Kuukuu

Kununua na kuuza ni matendo ya kila siku, na kwa sababu hiyo watu wengi huyatenda bila ya kuyafikiri. Mtu hununua chumvi, kiberiti au daftari, akalipa thamani yake, akaenda zake, na dhamiri yake isiulizwe neno. Lakini ziko biashara nyingine ambazo humtia mtu katika mizani na kuonyesha uzito wake. Moja katika hizo ni ununuzi wa motokaa ya spoti iliyozeeka, iuzwayo kwa bei ndogo. Kwa mtazamo wa kwanza jambo hili laonekana kuwa la mafundi na wenye fedha, lisilostahili kuingia katika masomo ya maadili. Nadhani sivyo. Ndani yake mna maswali ambayo kila kijana atakutana nayo maishani, hata kama hatamiliki gurudumu moja. Nitaijuaje kweli ya kitu ninachokitamani? Mtu aijuaye ila ya kitu chake, ana wajibu wa kuitaja asipoulizwa? Na mimi nikijua zaidi ya mwenzangu, nina haki ya kunyamaza?

Kwanza tukifahamu chombo chenyewe. Motokaa ya spoti haikuundwa kwa kubeba magunia wala kwa kubeba jamaa. Aghalabu ina viti viwili, ni nyepesi, imeinama karibu na ardhi, na mara nyingi paa lake ni la turubai la kukunjwa. Kazi yake kubwa ni kumfurahisha aiendeshaye. Mfano mmoja ujulikanao sana ni MGB, iliyotengenezwa katika mji wa Abingdon, Uingereza, tangu mwaka 1962 hadi mwaka 1980. Ziliundwa zaidi ya 500,000, na nyingi katika hizo zilipelekwa Marekani. Injini yake ina silinda nne na ukubwa wa sentimita za ujazo 1,798. Si injini ya maajabu, na fundi wa kawaida aweza kuifungua na kuifunga. Kwa kuwa zilikuwa nyingi na umbo lake ni sahili, hata leo motokaa hii hupatikana huko Uingereza kwa bei iliyo chini ya motokaa nyingi za spoti za rika lake. Kijana wa mshahara mdogo huona picha yake, hupiga hesabu, hukuta kwamba fedha zatosha, na moyo wake huanza kwenda mbio kabla ya magurudumu.

Sasa tuitazame ila kubwa ya motokaa hiyo, kwa sababu ina mafundisho. MGB haina chasisi iliyotengwa na bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Ile ya wazi haina paa la chuma la kuunganisha mbele na nyuma, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu zake imo katika vizingiti, yaani yale mapande ya bati yaliyofanywa kama sanduku refu, yapitayo chini ya milango kila upande. Kila kizingiti kimejengwa kwa mabati kadhaa: la nje, la katikati na la ndani. Maji ya mvua, pamoja na chumvi inayomwagwa katika barabara za Uingereza wakati wa barafu, huingia humo, na kutu huanza kula kutoka ndani kwenda nje. Siku inapoonekana kwa macho, huwa imekwisha kula sana.

Ziko njia mbili za kukitengeneza kizingiti kilichooza. Njia ya kwanza ni kukata uozo wote, bati baada ya bati, mpaka kufikia chuma kizima, kisha kuchomelea mabati mapya mahali pake. Ni kazi ya siku nyingi na gharama nyingi. Njia ya pili ni kuchomelea bati moja jipya la nje juu ya uozo, kulisawazisha, na kulipaka rangi. Ni kazi ndogo na gharama ndogo. Motokaa mbili zilizotengenezwa kwa njia hizi mbili zikisimama bega kwa bega juani, zote mbili hung'aa. Moja ni salama, na ya pili yaweza kujikunja siku ya ajali na kumnasa aliye ndani yake. Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wangaliiona motokaa ya aina ya pili wasingalitafuta mfano mwingine.

Basi mnunuzi afanye nini? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii, ambayo kwa kawaida husemwa kwa mafumbo, hapa ni amri ya maana iliyo wazi. Mnunuzi avae nguo za kazi, achukue tochi, kitambaa na sumaku ndogo, apige magoti. Sumaku hushika chuma, lakini haishiki lipu ya kuzibia matundu iliyofichwa chini ya rangi. Azulia linyanyuliwe, sakafu iangaliwe. Nafasi iliyo kati ya mlango na bodi itazamwe kama ni sawa toka juu hadi chini. Motokaa ikiinuliwa kwa jeki upande mmoja, mlango wa upande ule uendelee kufunguka na kufungika kama mwanzo. Ukibana, jua ya kuwa mifupa imelegea. Wala mtu asiingize mwili wake chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake, kwa maana hakuna bei nafuu ya kutosha kulipia maisha.

Injini nayo ihojiwe. Muuzaji aombwe mapema asiiwashe kabla ya mnunuzi kufika, kwa sababu injini baridi husema kweli kuliko iliyokwisha pashwa moto. Ikiwaka, moshi wake usomwe. Moshi wa buluu ni dalili kwamba inachoma oili. Moshi mweusi, kwamba inapata petroli kupita kiasi. Na mvuke mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huashiria kwamba huenda maji yanapenya katika silinda. Utando mweupe kama malai chini ya kifuniko cha oili waweza kuwa dalili ya maji kuchanganyika na oili. Kisha motokaa iendeshwe, si kuzunguka nyumba tu, bali mpaka ipate joto lake kamili. Breki zishikwe mahali pasipo hatari ili ijulikane kama inavuta upande mmoja. Gia zote zitumiwe. Mwisho, hati ya usajili isomwe, na namba zilizoandikwa humo zilinganishwe na zile zilizopigwa katika chuma.

Msomaji ataona kwamba utaratibu huu ni kinyume cha utaratibu wa tamaa. Tamaa huanza na rangi, ikaenda kwenye usukani, ikasikiliza mlio, ikafikiri jinsi marafiki watakavyogeuza shingo, na mwisho kabisa, kama muda umebaki, ikauliza habari za vizingiti. Busara huanza na vizingiti. Rangi iliyofifia hupakwa upya. Kiti kilichochanika hushonwa. Lakini mifupa ikioza, kila shilingi iliyotumiwa juu ya rangi na viti imetupwa. Katika kitu chochote kile, ni vyema kutazama kwanza kile ambacho kikiharibika vingine vyote huwa bure, na kutazama mwisho kile kinachovutia zaidi.

Hili ni rahisi kulisema na gumu kulitenda, kwa sababu shahidi mkuu katika kesi hii ni jicho la mnunuzi mwenyewe, na shahidi huyo amekwisha pokea rushwa. Akipenda, chongo huita kengeza. Mwenye kuitamani motokaa huiona kutu, lakini huiita vumbi la safari. Husikia chuma kikigonga katika injini, akasema ndiyo sauti ya motokaa za zamani. Muuzaji akisita katika jibu lake, mnunuzi humjibia yeye mwenyewe. Watu husema kwamba wauzaji wana ulimi mtamu, na pengine ni kweli. Lakini katika madanganyo mengi mnunuzi hufanya nusu ya kazi kwa hiari yake, na muuzaji humalizia tu.

Dawa ya maradhi haya si kuua tamaa. Mtu asiyetamani kitu hana sababu ya kununua, na furaha ya kuendesha chombo kizuri katika njia ya milimani si dhambi. Dawa ni kuiwekea tamaa mipaka kabla haijaamka. Maswali yaandikwe nyumbani, si mbele ya motokaa. Bei ya mwisho ikatwe kichwani kabla ya kuonana na muuzaji, na ndani yake zihesabiwe gharama za matengenezo, kwa kuwa bei ya kununua ni kiingilio tu. Mnunuzi afuatane na mtu aijuaye kazi ya motokaa ambaye haitamani motokaa ile hata kidogo. Jicho la mtu huyo ni la thamani kuliko sumaku na tochi. Tena usiku mmoja upite kati ya kuona na kulipa. Mwenye kusema kwamba kuna mnunuzi mwingine anakuja jioni ile huenda anasema kweli; hata hivyo, kukosa motokaa moja nzuri ni hasara ndogo kuliko kupata moja mbovu.

Yako madanganyo mengine yasiyotoka kwa muuzaji wala kwa jicho, bali hutoka katika sifa. Wazee wa Kenya waliosimama kando ya barabara za vumbi kutazama mashindano ya Safari wanaikumbuka Datsun 240Z, motokaa ya spoti kutoka Japani, iliyoshinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973, mara hii ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Ushindi ule ulikuwa wa haki na sifa zake ni za haki. Lakini zilizoshinda ni motokaa mbili, zilizotengenezwa na mafundi hodari kwa kazi ile. Motokaa nyingine ya jina lile lile, iliyosimama nyuma ya ghala miaka 20 huku panya wakijenga ndani yake, haikushinda kitu. Sifa ya ukoo si sifa ya mtoto. Kosa hili la kukihukumu kitu kimoja kwa jina la jamii yake twalitenda pia juu ya wanadamu, kwa kuwasifu wasiostahili na kwa kuwalaumu wasio na hatia. Na yafaa tulijue pale ambapo hasara yake ni fedha tu.

Mfano mwingine watoka Japani pia. Mwaka 1989 kampuni ya Mazda ya Hiroshima ilitoa motokaa ndogo ya wazi iitwayo MX-5, iliyofuata roho ya motokaa nyepesi za Uingereza za zamani. Ilipendwa mno, hata kufikia mwaka 2016 zilikuwa zimetengenezwa 1,000,000. Katika zile za mwanzo, maji ya mvua yanayoteremka kutoka paa la turubai hupita katika vitundu vidogo vilivyo nyuma ya milango, yakatokea chini. Majani na vumbi vikiziba vitundu hivyo, maji hukosa njia, yakajaa mahali pasipowapasa, na vizingiti huoza. Dawa ya ila hiyo ni kuzibua vitundu mara kwa mara, kazi ya dakika chache isiyo na gharama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa, usipozibua tundu utajenga kizingiti. Kwa hiyo mnunuzi anapoinama kutazama chini ya motokaa ya zamani, kwa hakika anasoma tabia za wale walioimiliki. Kila oili iliyobadilishwa kwa wakati imeandikwa mle, na kila uvivu umeandikwa vile vile. Rangi mpya yaweza kufunika maandishi hayo, lakini haiwezi kuyafuta.

Pengine mtu atajibu kwa methali: Mchagua jembe si mkulima. Atasema kwamba chombo cha miaka 40 hakiwezi kukosa ila, na kwamba anayetafuta kilicho kamili atakwenda kwa miguu maisha yake yote. Neno hili lina kweli, wala sitaki kulipuuza. Lakini tutofautishe ila za uzee na ila za hadaa. Uzee si aibu. Ngozi ya kiti iliyopasuka kwa jua, bati lililobonyea, injini iliyochoka lakini haijafichwa uchovu wake, hizi ni ila zenye heshima. Huonekana, hukubaliwa, hupunguziwa bei, na maisha huendelea. Ila ya hadaa ni ile ambayo mtu ametumia fedha na jitihada ili isionekane. Mnunuzi mwenye busara huweza kuichukua motokaa yenye ila kumi za aina ya kwanza, na kuiacha yenye ila moja ya aina ya pili. Kwa maana penye uongo mmoja uliovumbuliwa, hapana ajuaye idadi ya uliobaki.

Hapa twafika kwa muuzaji. Tumuwazie mtu aijuaye vyema kutu iliyo ndani ya vizingiti vya motokaa yake. Hakuipaka rangi kwa kuificha; aliinunua hivyo. Haulizwi neno juu ya vizingiti, naye hasemi. Je, ametenda uovu? Swali hili ni la kale sana. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi Cicero aliandika kitabu juu ya wajibu, na ndani yake akaeleza habari za mtu anayeuza nyumba yenye mbao mbovu na nyoka katika vyumba, mambo ambayo hayajui mwingine ila mwenye nyumba. Aliwaleta wanafalsafa wawili washindane. Diogenes wa Babeli alitetea kunyamaza: muuzaji hakumlazimisha mtu, wala hakusema uongo, kutotaja si sawa na kuficha, na ni kichekesho mtu kumtuma mpiga mbiu atangaze kwamba nyumba mbovu inauzwa. Antipater wa Tarso alipinga: kumwacha mtu aingie hasarani kwa kutojua, nawe wajua, ni kubaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero alimwunga mkono Antipater.

Nami naona ni haki. Hoja ya Diogenes ni nzuri kwa vitu ambavyo wote wawili waweza kuviona sawasawa. Muuzaji halazimiki kuniambia kwamba rangi nyekundu hufifia juani, maana macho ninayo. Lakini pale ambapo ujuzi uko upande mmoja tu, na faida ya muuzaji yatokana na kutojua kwa mwenziwe, kunyamaza huacha kuwa ukimya kukawa ni chombo cha kazi. Katika mafunzo ya Uislamu, ambayo watu wa pwani yetu wameyafuata kwa karne nyingi, imepokewa habari kwamba Mtume Muhammad alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya rundo la chakula, na vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kwamba mvua ilikinyeshea. Mtume akamwuliza mbona hakuuweka unyevu ule juu ili watu wauone, akasema kwamba mdanganyifu si katika watu wake. Yafaa tuangalie kwamba mtu yule hakutamka uongo wowote. Kosa lake lilikuwa mpango wa rundo: kikavu juu, kibichi chini. Kizingiti kilichooza chini ya bati jipya ni rundo lile lile.

Sheria za serikali husimama mahali pa chini kidogo kuliko hapo. Nchini Kenya, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyofuata kielelezo cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, haimfanyi kila muuzaji kuwa mdhamini wa ubora wa kila anachokiuza. Na mnunuzi aliyekikagua kitu halindwi nayo juu ya kasoro ambazo ukaguzi ule ulipasa kuzionyesha. Sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda watumiaji imemwongezea nguvu anunuaye kwa mfanyabiashara, lakini jirani amwuziaye jirani motokaa kuukuu bado ameachiwa nafasi kubwa ya kunyamaza. Mtu akisema, "Sheria hainikatazi," amesema kweli, lakini hajajibu swali. Sheria ni ukuta uliojengwa kuzuia wezi. Haikujengwa ili kumwonyesha mtu mwema urefu wake.

Tena madhara ya kunyamaza hayaishii kwa aliyenunua. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya soko la motokaa zilizotumika, na mwaka 2001 yeye pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz walitunukiwa tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake yaweza kuelezwa kwa mfano. Tuseme motokaa nzima yastahili shilingi 600,000 na mbovu yastahili 200,000, na mnunuzi hawezi kuzipambanua. Kwa hofu yake atatoa bei ya katikati, 400,000. Mwenye motokaa nzima atakataa, airudishe nyumbani. Mwenye mbovu atafurahi. Soko likiendelea hivyo, nzima hutoweka, mbovu hubaki, wanunuzi huzidi kuogopa, na bei huzidi kuanguka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini watu wasipoweza kuaminiana, kizuri nacho hushindwa kujiuza. Kwa hiyo mwongo hamwibii mnunuzi peke yake. Amemwibia pia jirani yake mkweli, ambaye motokaa yake nzuri imekosa mtu wa kuiamini.

Ni desturi kumaliza mazungumzo ya namna hii kwa kumlaumu muuzaji na kumhurumia mnunuzi. Mimi nataka kuigeuza mizani. Kitabu cha Mithali chamtaja mnunuzi ambaye, wakati wa kupatana, hukitukana kitu kuwa hakifai, na akisha kuondoka hujisifu. Mtu huyu yuko katika kila soko. Huigonga motokaa nzima kwa kidole, akaguna, akatikisa kichwa, akataja magonjwa ambayo motokaa haina, mpaka mwenyewe aingiwe na shaka. Huo ni uongo sawasawa na rangi juu ya kutu. Tofauti ni kwamba mmoja hufunika ila iliyopo na mwingine hubuni ila isiyopo.

Kisha liko jambo zito zaidi. Tuseme mjane anauza motokaa iliyoachwa na mumewe. Haijui thamani yake. Anataka tu nafasi katika ua. Mnunuzi aijuaye huona kwamba ni nzima, imetunzwa, na yastahili mara tatu ya bei iliyotajwa. Je, alipe haraka na kushukuru bahati? Cicero asimulia habari za Quintus Scaevola, aliyekuwa akinunua shamba. Alipotajiwa bei alisema kwamba kwa makadirio yake shamba lilistahili zaidi, akaongeza sarafu 100,000 za Kirumi. Watu walikubali kwamba lilikuwa tendo la mtu mwema, lakini hawakukubali kwamba lilikuwa la mtu mwenye akili. Cicero alichukizwa na mgawanyo huo, kana kwamba wema ni kitu kimoja na akili ni kingine.

Sisemi kwamba kila mnunuzi ni lazima awe Scaevola. Ujuzi ni jasho. Fundi aliyejifunza miaka mingi kuzitambua motokaa ana haki ya kupata faida katika ujuzi wake, kama vile mvuvi ana haki ya kufaidi kwa kuzijua nyota. Kati ya wafanyabiashara wawili wenye uzoefu, kila mmoja na ajilinde. Lakini mjane akimtazama mnunuzi usoni akamwuliza, "Mwanangu, bei hii ni ya haki?" basi ujuzi wake umekwisha kuwa amana, na kunyamaza kwake hakutofautiani na kunyamaza kwa mwenye vizingiti vilivyooza. Kipimo tunachompimia muuzaji ndicho tutakachopimiwa sisi. Mtu akitaka kanuni ya kubeba mfukoni, na ajiulize hivi: Mwenzangu angalijua ninalolijua sasa, angalinipa mkono? Jibu likiwa ndiyo, biashara ni halali hata kama nina faida. Jibu likiwa siyo, faida ile si yangu.

Wala tusidhani kwamba wajibu wa mmoja unafuta wajibu wa mwenziwe. Muuzaji hawezi kusema, "Ilimpasa atazame," wala mnunuzi hawezi kusema, "Ilimpasa aniambie," kisha kila mmoja akalala usingizi. Mnunuzi na atazame kana kwamba hakuna atakayemwambia. Muuzaji na aseme kana kwamba hakuna atakayetazama.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalowajaribu watu wengi zaidi. Kila mnunuzi ni muuzaji wa kesho. Tuseme kijana wetu hakuinama, hakumwita rafiki, alipofushwa na rangi, akanunua. Baada ya miezi sita mlango wabana, fundi anyanyua zulia, na uozo wote waonekana. Fedha zimekwenda, na kuitengeneza kwahitaji fedha nyingine kama zile. Hapo sauti ndani yake itamwambia: Wewe ulidanganywa, nawe paka rangi, uza, urudishe chako. Sauti hiyo hujivika vazi la haki, kwa maana ni kweli kwamba alidhulumiwa. Lakini mtu atakayemwuzia siye aliyemdhulumu. Ni kijana mwingine, mwenye akiba nyingine, ambaye moyo wake nao unakwenda mbio. Uozo ule ulipita mkononi mwa watu wengi, na kila mmoja alijiambia kwamba yeye ndiye aliyeonewa. Utaendelea kupita mpaka ufike kwa mtu mmoja atakayekubali hasara iishie kwake: atakayekata uozo na kuchomelea chuma kipya, au atakayeuza kwa bei ya kitu kibovu na kuonyesha kwa kidole mahali kilipooza. Mtu huyo atapoteza fedha, na hapana soko litakalomlipa. Lakini aliyenunua kwake ataiendesha motokaa ile huku akijua anachokiendesha, na hatalala siku moja akiwaza ni nani atakayemsukumia hasara yake.